Bibi Aliyesalimia Meno

Siku ile chumbani tulikuwa sita. Nilikuwapo mimi, Kabula. Alikuwapo mdogo wangu Masanja, amesimama karibu na mlango kwa sababu harufu ya dawa humtia kichefuchefu. Alikuwapo Limi, kitinda mimba wetu, amelala kitandani, taya lake la kushoto limevimba kwa upasuaji wa jana yake. Alikuwapo mjomba Shija, mdogo wa marehemu mama, aliyekuja moja kwa moja kutoka duarani, kwenye shimo lake la dhahabu, na vumbi la mawe likiwa bado masikioni. Alikuwapo daktari wa kinywa, kijana mwenye sauti ya chini. Na alikuwapo Bibi wa Meno, ameketi sakafuni na mgongo ukutani, kwa kuwa viti vya hospitali, alisema, vina baridi ya watu wengine.

Daktari alikuwa ameshika kisahani cha chuma kilichofunikwa kitambaa.

"Nawaonyesha wenyewe," alisema, "ili msije mkaambiwa na watu."

Akafunua. Ndani mlikuwa na meno. Si vipande, bali meno kamili, kila moja na kichwa chake na mzizi wake, ila madogo kama punje za mchele, na mengine madogo kuliko hapo. Yalikuwa yameoshwa yakawa meupe. Yote yalitoka katika taya la Limi, ndani ya kifuko kilichojificha chini ya ufizi, mahali ambapo jino lake la chonge lilikataa kuota.

Mjomba alirudi nyuma mpaka akagusa ukuta. Bibi wa Meno ndiye aliyeinuka. Alijikokota hadi kwenye kile kisahani, akainama, akayatazama yale meno kama mtu anayetazama watoto wa jirani waliosimama mlangoni, kisha akayaambia, "Mwangaluka."

Hiyo ni salamu yetu ya asubuhi, sisi Wasukuma. Husalimiwa mtu. Na baada ya kuisema alinyamaza, ametega sikio, kama anayesubiri kuitikiwa.

Tulipotoka kwenye korido mjomba alinishika mkono. "Umesikia, Kabula? Anajuana nayo. Yeye ndiye aliyeyapanda."

"Mjomba, jino halipandwi."

"Wewe ulipanda?"

"Hapana."

"Mimi nilipanda? Masanja je? Basi tumebaki na nani?"

Tangu neno hilo nimekuwa nikipigania jambo moja tu: kwamba Bibi wa Meno aruhusiwe kuishi katika kitongoji chetu, katika nyumba yake, kama mtu. Wengi wanaomtaja leo wanalijua neno la mjomba peke yake. Mimi nimeishi naye ukuta kwa ukuta tangu utoto wangu, na ninayo mengine ya kusema.

Kitongoji chetu kiko upande wa Bulyanhulu, mahali ambapo watu huja kutafuta dhahabu wakakaa zaidi ya walivyokusudia. Kuna maduara ya wachimbaji wadogo, kuna karasha za kusaga mawe zinazonguruma tangu alfajiri, na kuna akina mama kama mimi wanaowapikia wachimbaji uji na maandazi. Bibi wa Meno alikuwapo kabla ya karasha ya kwanza. Sikuwahi kumuuliza alikotoka, naye hakusema. Jina lake halisi lilijulikana kanisani tu, alikokaa benchi la mbele kila Jumapili.

Kazi yake ilikuwa watoto wachanga. Mtoto akishikwa na homa na kuharisha, akawa anatafuna ngumi yake na kukataa ziwa, mama yake alimfunga mgongoni akaja. Kila mtu huku anajua ugonjwa huo: meno ya nailoni. Wengine huyaita meno ya plastiki. Husemwa kwamba ni meno ya uongo yanayoota chini ya ufizi wa mtoto kabla ya meno ya kweli, na yasipotolewa mtoto hufa.

"Zamani nailoni haikuwapo dukani," Bibi alikuwa akisema, "na vinywani haikuwamo. Imeingia dukani, imeingia na vinywani."

Alimpakata mtoto, akamsalimia kwanza. Hakumgusa mtoto ambaye hajamsalimia, hata wa wiki chache. "Mwangaluka," alisema, akangoja. Mtoto akilia, Bibi aliwaambia waliokuwapo, "Ameitika." Ndipo alipopitisha kidole gumba juu ya ufizi polepole, macho ameyafumba, akakiacha kisimame palipo na uvimbe mweupe. Alikuwa na spoki ya baiskeli iliyonolewa, akaipitisha motoni. Sitaeleza zaidi. Alipomaliza alipaka chumvi na majivu, akamwonyesha mama kitu alichokitoa: kidogo, cheupe, chororo, kama funza aliyelala. "Huyu hapa aliyekuwa anamla mwanao," alisema. Na mama alikiona kwa macho yake. Ungemwambia nini mtu aliyeona?

Nilikuja kuambiwa baadaye na yule daktari kwamba kile kilikuwa jino la kweli, jino la utotoni ambalo halijakomaa, na kwamba homa na kuharisha vilikuwa na mambo yake mengine. Lakini nilipokuwa mtoto sikujua, na mama yangu hakujua. Limi alipokuwa na miezi michache aliugua mpaka utosi ukabonyea. Mama alimpeleka kwa Bibi wa Meno. Bibi akachokonoa, Limi akapona. Mpaka anakufa, mama alisema, "Bila yule bibi, Limi tungekuwa tumemzika." Mama alifariki Limi akiwa ameanza tu kutembea. Baba alikuwa ametangulia, duara lilimwangukia.

Sasa hapa ndipo watu wanaposhindwa kunielewa. Aliyetulea baada ya hapo ni yeye. Niliacha shule nikiwa darasa la sita ili niuze uji, na saa nilizokuwa kwenye uji Limi alikuwa mgongoni kwa Bibi wa Meno. Alimtafunia nyama akamlisha. Alimwimbia. Masanja alipokamatwa kwa kuokota mawe kwenye duara la watu, ni Bibi aliyekwenda kukaa mbele ya wale wachimbaji, akakaa tu, hasemi kitu, mpaka wakachoka kutazamwa wakamwachia. Mkono uliomchokonoa Limi ndio uliomlisha. Sijawahi kuweza kuutenganisha ukawa miwili, na nimeacha kujaribu.

Alikuwa na utani mkali. Mjomba Shija alikuwa na pengo mbele, na kila alipokuja kutuona Bibi alimwambia, "Shija, kinywa chako kina duara. Ongeza kuchimba, utaikuta dhahabu."

"Wewe bibi wewe," mjomba alijibu, "cha kwako mbona hukifungui tukakiona?"

Ni kweli. Katika miaka yote ile sikuwahi kuona ndani ya kinywa chake. Akicheka alijifunika kwa kitenge. Akila aligeukia ukuta. Mtu aliyeshika vinywa vya watoto wa kitongoji kizima alikificha chake kama watu wanavyoficha kidonda. Tulipokuwa wadogo Masanja aliapa kwamba ndani hamna ulimi, mna mlango.

Na kulikuwa na mambo mengine. Vile vitu vyeupe alivyovitoa alivifukia mbele ya kizingiti chake, ndani kidogo. Mahali pale hapakufagiwa. Mgeni akipakanyaga alimvuta kwa upole, "Pita huku, mwanangu, hapo pamelala." Mvua za kwanza zikinyesha alikaa mlangoni akipatazama mpaka mvua ikatike. Nilimuuliza siku moja anatazama nini.

"Ardhi ikilowa huwa inauma," alisema.

"Inauma maumivu?"

"Hapana. Inauma kama mnavyouma muwa."

Sikuuliza tena. Lakini tangu siku hiyo nilikuwa nikiruka pale mahali, na mpaka leo mguu wangu unapakumbuka.

Meno ya utotoni yakitoka, watoto wa kwetu huyarusha juu ya bati na kuomba jipya. Bibi hakutaka hivyo. Jino la kila mtoto alitaka apelekewe. Masanja kwa ukaidi alirusha lake, tukalisikia likibingirika juu ya bati, kisha kimya. Bibi alitoka na taa. Alitafuta kuzunguka nyumba yetu, amepiga magoti, hadi alipolipata kwenye majani. "Usiliache jino njiani," alimwambia Masanja, na sauti yake haikuwa ya kugomba, ilikuwa ya kuomba. "Litatafuta nyumba."

Mwaka ambao Limi alivunja ungo, jioni moja Bibi alikuwa akimsuka. Limi alikuwa amelaza kichwa mapajani pake. Nilikuwa naosha sufuria, nikaona vidole vya Bibi vimesimama. Kimoja kilikuwa juu ya taya la Limi. Kilikaa pale kwa muda mrefu. Kisha akamalizia mkia aliokuwa anausuka, akaufunga, akaniita nje.

"Mpeleke hospitali."

Nilishangaa. Huyu ndiye aliyewaambia akina mama kwamba hospitali hawaijui nailoni. "Bibi, ni uvimbe wa jino tu. Si ungemtazama wewe?"

"Hii si ya mkono wangu, Kabula. Mpeleke. Na mimi nakwenda."

Akaenda. Alipanda bodaboda mpaka Kahama na gari mpaka mjini, kwenye hospitali kubwa, yeye ambaye sikuwahi kumwona akitoka nje ya kitongoji. Njia nzima alimshika Limi mkono, na nilipomtazama alikuwa akisogeza midomo chini ya kitenge. Nilidhani anasali. Sasa sina uhakika alikuwa akizungumza na nani.

Nimekwisha kusema kilichotokea hospitali. Baada ya wiki kadhaa nilirudi peke yangu kuchukua majibu ya kile kifuko, ambacho kilikuwa kimepelekwa kupimwa kwa darubini. Daktari alinionyesha picha kwenye simu yake. Ilikuwa nzuri, ya waridi na zambarau, kama kitenge.

"Hizi ndizo seli zinazotengeneza jino," alisema. "Zilitakiwa zitengeneze chonge moja. Zimechanganyikiwa, zikatengeneza mengi madogo. Sasa tazama hizi za pembeni."

Nilitazama. Zilikuwa duara duara, zimepauka, zimepangana kama nyumba za mtaa.

"Hizi ziliacha njia kabisa. Zikajigeuza, zikawa ngumu kama kucha, zikafa zimesimama. Umbo lipo, lakini katikati, penye kiini, ni patupu."

"Kama nyumba iliyohamwa," nilisema.

"Hivyohivyo. Sisi tunaziita seli mizimu."

"Daktari, hilo jina ni la lazima?"

Akatabasamu. "Ni jina tu, dada."

"Kwetu si jina tu."

Aliniangalia, akaacha kutabasamu. Aliniambia si saratani. Aliniambia kifuko kinaweza kurudi, kwa hiyo Limi awe anakuja kutazamwa. Nikamuuliza nililokwenda kuuliza hasa. Alifikiri kabla ya kujibu, na kwa hilo namheshimu.

"Wako wanaopata ugonjwa huu bila kuchokonolewa na mtu yeyote. Na wako waliochokonolewa fizi wakiwa wachanga, meno yao ya ukubwani yakatoka vibaya au yasitoke. La Limi siwezi kuapa. Lakini hakuna mkono wa mtu unaoweza kupanda jino likaota. Hilo naapa."

Nilibeba kiapo hicho kurudi nacho nyumbani. Lile jina nililiacha hospitali.

Nilikuta mambo yameiva. Mjomba Shija alikuwa amesimulia duarani, na duarani neno halikai moja. Bibi alikuwa amepanda meno katika mwili wa yatima. Bibi alikuwa na macho mekundu, macho ya mchawi. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa samadi kavu, kama ya kila mwanamke mzee apikaye kwetu, lakini sasa watu waliyaona. Na huku kwetu tunajua bibi wa macho mekundu hufanywa nini watu wakishakubaliana. Sikulala vizuri tangu hapo. Masanja alianza kulala mlangoni kwa Bibi, panga ubavuni.

Baraza la kitongoji likaitwa. Wanaume walikaa kwenye mawe, wanawake chini, Bibi katikati. Mzee wa baraza alinipa nafasi kwa kuwa mgonjwa ni wangu.

Nilisema nilivyoweza. Niliwaambia, "Nyinyi ni wachimbaji. Mchimbaji mgeni akishushwa duara ambalo si lake, hajui njia, hajui mwamba, atafanya nini? Atachimba tu, maana ndiyo kazi anayoijua. Seli za jino zimepotea njia katika taya la Limi. Zikafanya kazi zinayoijua. Hakuna aliyezipanda. Daktari ameapa."

Mtu mmoja nyuma akasema, "Na huyo aliyezishusha duarani ni nani?"

Wakacheka. Lakini kicheko kilikuwa chepesi, niliona wengine wakitikisa vichwa kukubali. Mwanamke mmoja alisema wanawe watatu walipita mkononi mwa Bibi na hawajaota kitu. Mzee wa baraza aliinua fimbo, akataka tufunge. Nilihisi tumepona.

Kisha mjomba Shija akasimama. "Aulizwe mwenyewe. Aseme hapana, na mimi nitakaa."

Neno moja lilitosha. Mzee wa baraza alimgeukia. "Bibi, uliyapanda wewe?"

Alikuwa amejifunika hadi puani. Karasha za mbali zilisikika zikinguruma. Nilimtazama, nikatamani kumtikisa. Sema hapana. Hapana tu.

"Sijui," alisema.

"Hujui vipi?"

"Nilichokonoa. Kuna nilichokitoa, kuna kilichobaki. Kilichobaki kikaota. Kama kuacha ni kupanda, basi nimepanda. Kama si kupanda, Mungu anajua. Mimi nilifika mbele yao kule hospitali nikawasalimia, hawakuniitika. Mpaka leo hawajaniitika."

Nimelifikiria jibu lile kwa miaka. Mtu mwongo angepona siku ile.

Hawakumwua. Nadhani ni kwa sababu mimi na Masanja tulikuwa pale, na kwa sababu mzee wa baraza alikuwa na wajukuu waliopita mkononi mwake. Walimtenga. Kutengwa kwetu ni hivi: hakuna akupaye moto, hakuna akupaye maji, hakuna akuuziaye wala akununuliaye, hakuna akusalimiaye. Mtu akivunja, naye anatengwa pamoja na nyumba yake yote.

Tulivunja, mimi na wadogo zangu, kwa siku chache, tukipitisha kaa la moto kwa tundu la ukuta. Limi mwenyewe ndiye aliyekuwa akipitisha, taya limefungwa kitambaa. Lakini kijana mmoja wa ulinzi wa kitongoji alinijia kwenye uji wangu akaniambia kwa adabu, "Dada Kabula, shikamoo. Kutengwa kwake ni nafuu. Kuna wanaotaka zaidi, na si wa hapa. Mtoe."

Tulimtoa alfajiri, mvua ikinyunya. Masanja alimweka katikati kwenye bodaboda, mimi nyuma. Alipovuka kizingiti hakuruka pale mahali pake. Alipakanyaga sawasawa, kwa miguu yote miwili, akasimama. "Sasa hata nikikanyaga si kitu," alisema. Tulimpeleka Nyasubi, Kahama, kwa binti wa dada yake anayeuza mitumba sokoni. Njiani nilimwambia kwamba nitamrudisha. Nilisema kwa sauti, Masanja alisikia.

Wiki hiyohiyo vijana walikwenda na sururu, wakachimba mbele ya kizingiti. Walitaka kuonyesha ushahidi. Walichimba kama wanavyochimba duara, mpaka mabegani. Niliwatazama kutoka kwangu. Hawakupata kitu. Hata jino moja, hata lile la Masanja ambalo mimi mwenyewe nililiona likifukiwa, jino gumu kabisa. Daktari angesema vitu vile vyororo huoza, naye angekuwa sahihi. La Masanja sijui angesema nini. Nilichoona ni kwamba vijana walitoka kwenye lile shimo haraka kuliko walivyoingia, na hakuna aliyetaka kubaki kulifukia. Wangepata meno, wangepiga kelele. Kutopata kuliwanyamazisha. Shimo lipo mpaka sasa. Masika hujaa maji, na mbwa hawanywi.

Miezi iliyopita nilikwenda Nyasubi na Limi. Limi sasa ni mwanamke, ana kibanda cha kushona. Ana pengo palipotakiwa kuwa na chonge, na taya lake ni zima. Kila mwaka daktari humtazama, na kila mwaka njia nzima huwa hazungumzi. Hakuwahi kusema kama amemsamehe Bibi au kama kuna cha kusamehe. Safari hii yeye ndiye aliyesema, "Dada, twende."

Tulimkuta uani, amekaa kwenye gunia kati ya marobota ya nguo. Amekuwa mdogo. Haoni vizuri.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Nani?"

"Kabula. Nimekuja na Limi."

Alivuta kitenge kikashuka mpaka shingoni, na kwa mara ya kwanza nikaona kinywa chake kikiwa wazi. Hamkuwa na mlango. Mlikuwa na fizi tupu, na pale pa chonge, pande zote mbili, palikuwa na makovu ya zamani sana, yaliyobonyea kama alama ya kidole kwenye unga. Kuna mtu aliyempakata naye, zamani, kabla ya nailoni kufika dukani. Limi aliyaona pia. Alipiga magoti akakaa karibu naye.

Mpwa wake alituambia kwamba akina mama wa mtaa walikuja kujua kazi yake, wakaanza kumletea watoto. Huwa anawafukuza waende hospitali, kwa ukali mpaka wanamwogopa. "Lakini mtazameni mtoto akilia," alisema.

Kwa jirani kulikuwa na kichanga. Kilianza kulia, na niliona. Mkono wa Bibi ulikuwa mapajani, umelegea, na kidole gumba kikaanza kutembea chenyewe, polepole, kwa mpindo, kikafuata ufizi ambao haukuwapo. Kilifika mahali kikasimama. Yeye mwenyewe alikuwa akimsikiliza Limi akieleza habari za cherehani. Nadhani hakujua. Limi aliendelea kueleza, lakini sauti yake ilipungua mpaka mtoto akanyamaza na kidole nacho kikatulia.

Jua lilipoinama nikamwambia tunaondoka. Alinishika ukosi wa gauni.

"Kabula. Ulisema utanirudisha."

"Nilisema, Bibi."

"Nikiwa hai, au nikiwa mzigo?"

Limi aliinua kichwa akaniangalia. Nilitaka kusema hai. Lakini mtu aliyetengwa hurudishwa na baraza lilelile lililomtenga, na mwenye neno lazima aliondoe mbele yao. Mwenye neno ni mjomba Shija, naye alihamia machimbo ya Geita, na simu yangu hapokei.

"Sijui, Bibi," nilisema.

Aliachia ukosi. "Hilo ni jibu," alisema, akavuta kitenge chake juu.

Tangu hapo baraza limeketi mara kadhaa, na kila linapoketi nasimama. Nimekwenda Geita mara mbili kumtafuta mjomba. Mara ya kwanza walisema yuko chini duarani, mara ya pili walisema hawamjui. Mzee wa baraza ananiheshimu, ananiacha niseme. Mwisho wa maneno yangu hujibu kwamba la yule bibi lilikwisha kupita. Kisha huita shauri linalofuata, la mbuzi au la mpaka wa shamba, na mimi hukaa chini kati ya wanawake wenzangu ambao watoto wao wote walipita mkononi mwake. Halijapita. Yuko Nyasubi, juu ya gunia, na mimi ndiye niliyesema nitamrudisha.